LENZI KUBWA, PICHA NDOGO: Acheni kuwacheka wapiga picha wa Mji Mkongwe

Jamani, kuna ushamba mpya umeingia Unguja, na umevaa mkanda wa kamera shingoni. Ushamba wenyewe ni huu: mpiga picha hapimwi tena kwa picha zake, anapimwa kwa urefu wa lenzi. Ukitokea Forodhani na lenzi fupi ya milimita 50 unaitwa mwanafunzi. Ukitokea na bomba jeupe linalokufika kifuani unaitwa bosi, hata kama picha zako nusu zina mtikisiko na nusu zimekata watu miguu.

Waliouleta ushamba huu wanajulikana. Kuna mpiga picha mmoja, jina kapuni, kila msimu wa harusi anashuka boti ya Dar na mabegi mawili na kijana wa kumbebea. Huyo ndiye aliyeposti kwamba picha ya sura bila lenzi ya 85 ni picha ya kitambulisho. Likes zikamiminika kama mvua ya masika. Halafu kuna staa mmoja wa kike wa muziki, naye jina kapuni, alikuja kupiga picha za kutangaza ngoma yake mpya. Akamtazama kijana wa Kikwajuni aliyeletewa, akatazama kamera yake, akasema mbele ya timu nzima: "Hii lenzi ya mtoto, nani kaileta?" Watu wakacheka. Kijana akarudisha vitu vyake kwenye begi, akaondoka.

Kama ingeishia kwenye kicheko, hakuna ambaye angepoteza muda kuandika. Haikuishia hapo. Dada mmoja wa Ng'ambo, anayeheshimika kwa kupiga maharusi wa kike, amepoteza kazi mbili mfululizo kwa sababu ndugu wa bwana harusi waliona lenzi yake "fupi mno". Kijana mwingine wa Amani kauza pikipiki, iliyokuwa inamlisha, akanunua 85. Sasa hivi ana 85, hana pikipiki, na kazi zake nyingi ziko kwenye vyumba na vichochoro ambavyo lenzi hiyo haienei. Hapa si suala la mitindo tena. Hapa watu wanapoteza riziki kwa sababu ya namba ambayo wanaoitaja wenyewe hawaielewi.

Basi ieleweke leo.

HIYO 85 IMETOKA WAPI?

Namba 85 haikuanguka kutoka mbinguni. Imetoka enzi za mkanda, ambapo kipande kimoja cha picha kilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kamera kubwa za leo, zile za fulu fremu, zina sensa (siyo ile ya kuhesabu watu) ya ukubwa huohuo. Kwa kamera hizo, wapiga picha wa sura kwa miaka mingi wamependa lenzi za 85 mpaka 105, kwa sababu ukitaka kichwa na mabega zinakufanya usimame mbali kiasi cha kutosha, na sura ya mtu haivimbi.

Sasa kamera wanazotumia vijana wengi wa Unguja siyo hizo. Ni kamera za kropu. Sensa ya Canon ya kropu ina upana wa kama milimita 22 tu. Ya Nikon na Sony ni kubwa kidogo, kama 23.5. Maana yake kamera inachukua kipande cha katikati tu cha kile ambacho lenzi inaona, pembeni kote kunakatwa. Ndiyo maana mafundi wanazidisha: Canon mara 1.6, Nikon, Sony na Fujifilm mara 1.5.

Haya, chukua karatasi. 50 mara 1.6 ni 80. 50 mara 1.5 ni 75. 85 mara 1.6 ni 136.

Umeona? Yule dada wa Ng'ambo mwenye 50 yake "ya kitoto" anaona karibu kilekile anachokiona bosi wa boti kwa 85 yake kwenye fulu fremu. Anayechekwa na anayecheka wanatazama kupitia dirisha moja! Tofauti ni kwamba mmoja kalipa mara nyingi zaidi na ana kijana wa kumbebea. Na yule wa Amani aliyeuza pikipiki hakununua 85 ya bosi. Kwenye kamera yake amenunua 136, lenzi ambayo bosi mwenyewe hawezi kuingia nayo chumbani.

Na siyo hesabu ya mtaani hii. Fujifilm walipotaka kuwatengenezea watu wa kropu lenzi ya sura mwaka 2014, hawakutengeneza 85. Walitengeneza 56. Zidisha kwa 1.5 uone: 84. Kiwanda kizima cha Japani kimekubali kwamba lenzi ya sura kwa kropu iko kwenye hamsini na kitu, halafu mtu mmoja mwenye wafuasi wengi anakuja kuwaambia watoto wa Zanzibar kwamba hamsini ni aibu.

PIMA KICHOCHORO, USIPIME UMAARUFU

Jambo la pili ambalo mastaa hawalijui ni nyumba za mji wenyewe. Mji Mkongwe, ambao UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, haukujengwa kwa ajili ya lenzi ndefu. Ulijengwa uwe na kivuli. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimesogeleana makusudi ili jua lisiwachome wapitao. Kiponda, Hurumzi, Mkunazini, Kokoni, kuna sehemu nyingi ukinyoosha mikono miwili unakaribia kugusa nyumba za watu wawili tofauti.

Sasa tazama umbali. Kwa kamera ya Canon ya kropu ikiwa imesimamishwa wima, ukitaka mtu mzima kuanzia kofia mpaka viatu, na nafasi kidogo juu na chini, lenzi ya 35 inataka urudi nyuma mita 3 na ushee. 50 inataka kama mita 4 na nusu mpaka 5. 85 inataka mita 8. Lile bomba jeupe likivutwa mpaka 200 linataka karibu mita 19.

Mlango wa kuchonga wa Kizanzibari, ule wenye njumu za shaba ambao kila bi harusi anautaka, mara nyingi unatazamana na ukuta wa jirani. Utarudi nyuma mita 8 uende wapi? Uingie sebuleni kwa watu? Watasema piga kwa urefu wa kichochoro. Sawa, inawezekana. Ila katika hizo mita 8 itapita vespa, itapita baiskeli ya mkate, watapita watalii sita na mtembezaji wao, na mama katoka sokoni Darajani na kikapu. Kila mmoja ana haki ya njia kuliko wewe. Mpiga picha mwenye 85 anaishia kupiga kelele: "Kaka subiri! Dada rudi kidogo!" Mwenye 35 au 50 yuko hatua chache kutoka kwa mtu wake, wanazungumza kwa sauti ya kawaida, na wapita njia wanapita nyuma yake.

Kwa kichwa na mabega hesabu ni nyepesi zaidi. 50 inakuweka kama mita 1.4 kutoka kwa mtu. 85 inakuweka mita 2.3. 35 inakuweka karibu mita 1, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu, maana ukiusogelea uso kiasi hicho pua inatangulia na masikio yanakimbilia nyuma. Sikilizeni vizuri hapa: anayevimbisha pua siyo lenzi, ni umbali. Simama mita moja na nusu au zaidi kutoka kwenye uso wa mtu na sura itatulia, uwe na lenzi yoyote. Lenzi kazi yake ni kuamua utakata wapi pembeni. Kwa hiyo 35 ni ya mtu mzima na mtu nusu, 50 ni ya nusu na ya uso. Hizo mbili zinaumaliza Mji Mkongwe wote.

"LAKINI 85 INAFIFISHA NYUMA ZAIDI"

Hii ndiyo silaha yao ya mwisho, na ina nusu ya ukweli. Ukipiga kichwa na mabega kwa 50 iliyofunguliwa f/1.8, halafu ukarudi nyuma ukapiga kichwa na mabega vilevile kwa 85 iliyofunguliwa f/1.8, eneo lililo kali ni lilelile, kama sentimita 5 tu kutoka mbele mpaka nyuma. Wala 85 haikuongezi ukali wala haikupunguzii. Kinachobadilika ni kwamba 85 inavikuza vitu vya nyuma, ndiyo maana ukungu wake unaonekana mnene zaidi.

Swali ni je, huko nyuma kuna nini? Mtu kasafiri kutoka Mwanza, kutoka Muscat, kutoka London, kaja Mji Mkongwe kupiga picha. Nyuma yake kuna mlango uliochongwa kwa mkono, kuna baraza ambayo wazee wamekalia miaka na miaka, kuna kuta zilizokula chumvi. Wewe unavifuta vyote viwe uji wa kijivu! Kama ni hivyo angepiga nyuma ya ghala lolote la Dar akaokoa nauli ya boti. Mteja anayetaka ukungu anaweza kuupata kwa 50 pia, amsogeze tu bi harusi mita tatu nne mbele ya ukuta. Ila picha ya Unguja isiyoonyesha Unguja ni wizi wa mchana.

Na hizo sentimita 5 zikumbukwe. Wengi wanafungua f/1.8 kwa maharusi wawili, jicho la mume linakuwa kali, la mke limelala usingizi. Watu wawili funga mpaka f/4, unapata kama mara mbili ya hapo. Lenzi ya laki ngapi haitakusaidia kama hujui hili.

CHUMBA CHA BI HARUSI

Sasa hapa ndipo panapouma.

Kila Mzanzibari anajua kwamba harusi zetu nyingi zina sehemu mbili. Wanaume wana nikaha yao, na wanawake wana shughuli yao ndani. Huko ndani bi harusi kafunua nywele, kapigwa piko na hina mpaka juu ya kiwiko, kavaa nguo ambayo macho ya mwanamume asiye maharimu wake hayatakiwi kuiona. Shughuli nyingi simu zinazuiwa mlangoni. Mwanamume mpiga picha haingii, awe maarufu namna gani.

Kwa hiyo kumbukumbu ya siku kubwa ya mwanamke wa Unguja iko mikononi mwa mwanamke mpiga picha. Dada huyu anafanya kazi kwenye chumba cha nyumba ya kawaida: kitanda, kabati la vioo, masanduku ya zawadi, somo wake bi harusi, mashangazi wanne, watoto wasiohesabika, taa moja ya dari. Akisimama na mgongo ukutani ana mita tatu, akibahatika nne. Mwambieni afanye nini na 85 humo ndani? Apige jicho moja?

Kwa 50 anapata uso. Kwa 35 anapata bi harusi alivyokaa na mashangazi waliomzunguka. Kwa mikono ya piko, 50 ya Canon ya mwaka 2015 inakubali kusogea mpaka sentimita 35, wakati 85 f/1.8 ya kampuni hiyohiyo inagoma kabla ya sentimita 85. Na kwa mwanga hafifu, tundu la f/1.8 linaingiza mwanga karibu mara 10 ya ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera ikivutwa mwisho kwenye f/5.6. Pale ambapo ile ya boksi inakulazimisha ISO 6400 na picha inajaa chembechembe, 1.8 inakushusha mpaka 640. Ngozi inabaki ngozi, piko inabaki na mistari yake.

Sasa rudia kisa. Familia imemwondoa dada huyu kwa sababu lenzi yake ni fupi, wakamleta bosi wa boti. Bosi kafika, mama wa bi harusi kamkuta mlangoni: "Mwanangu, wewe ishia hapo hapo." Bosi kakaa uani na bomba lake, kapiga kanzu na majoho ya wanaume, kapiga sahani za pilau. Ndani binti kapambwa kutwa nzima, na picha alizonazo leo ni za simu ya binamu yake, zile simu zinazofifisha nyuma kwa programu zikala na ncha za mtandio. Siku hiyo hairudi. Huwezi kumwambia bi harusi apambwe tena mwaka ujao kwa sababu mashemegi walitaka lenzi ya kutisha watu.

Hiyo ndiyo bei ya ushamba huu, na anayeilipa siyo staa.

ANAYEPIGA AKIWA MBALI

Kuna jingine ambalo halisemwi. Lenzi ndefu inamfundisha mtu tabia ya kuwinda. Wapo wanaojiita wasanii wa picha za sura, wanakaa upande mmoja wa Jaws Corner na kumvuta mzee anayecheza bao upande wa pili. Wanamvuta mama wa mwani Jambiani akiwa ameinama majini. Hawakubisha hodi, hawakusalimu, hawakumwomba mtu. Kesho sura ya mama yule iko mtandaoni na maneno matamu kuhusu "uzuri wa Afrika", na mama mwenyewe hana habari.

Lenzi fupi haikuruhusu ujinga huo. Ukiwa na 35 au 50 lazima usogee, na ukisogea lazima useme. "Shikamoo mzee. Naomba nikupige picha." Akikataa umejua. Akikubali, amekaa vizuri, kofia kaiweka sawa, na macho yake yanakutazama kama mtu anayejua anatazamwa. Hiyo ndiyo picha ya sura. Ile nyingine ni picha ya mtu aliyeibiwa.

Mji huu una historia ya kupiga sura kabla babu wa mastaa hawajazaliwa. Akina Gomes na ndugu Coutinho, Wagoa, walikuwa na studio zao hapa tangu karne ya 19. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, na sura za familia za mji huu zikapita mbele ya lenzi yake. Watu walivaa, wakaingia, wakakaa, wakatulia. Picha zile mpaka leo zinaheshimika ukutani, na hakuna hata mjukuu mmoja anayeuliza bibi alipigwa na milimita ngapi.

85 INA PAHALA PAKE

Haki itendeke. Hakuna anayesema 85 ni lenzi mbaya. Ile 85 f/1.8 ya Canon iko sokoni tangu mwaka 1992, na ingekuwa takataka ingeshasahaulika. Ina pahala pake.

Pahala pake ni Paje na Jambiani maji yakitoka, pwani inapokuwa kiwanja kisicho na mwisho. Pahala pake ni Kendwa jioni, jua linapozama baharini na hakuna ukuta wa kukuzuia kurudi nyuma. Pahala pake ni Ngome Kongwe usiku wa Sauti za Busara, wewe uko chini na mwanamuziki yuko jukwaani na huwezi kumfuata. Mwenye kazi za namna hiyo kila wiki, anunue kwa amani.

Lakini iwe lenzi ya tatu, baada ya 35 na 50. Kumwambia kijana wa kropu aanze na 85 ni sawa na kumwambia anayejenga aanze na madirisha ya kioo wakati msingi haujachimbwa.

Na mengi ambayo mashabiki wanadhani ni lenzi, ni mwanga. Saa saba mchana Unguja jua liko utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi, na hakuna lenzi duniani ya kuliomba jua lisogee. Ingia kichochoroni. Muweke mtu kivulini, atazame ukuta mweupe unaopigwa na jua. Ukuta ule wa chokaa ndiyo taa yako, laini na ya bure. Kisha iangalie kamera isikudanganye. Bi harusi wa gauni jeupe kamera inamtia giza, ngozi yake inazama. Mama wa baibui jeusi kamera inamwangaza kupita kiasi, uso unababuka. Pima uso, nguo itajijua. Fundi anayejua haya akiwa na 50 ya bei chee anamwaibisha bosi asiyejua akiwa na begi zima.

KABLA HUJAKOPA

Kwa vijana wanaosoma hapa na tayari wamefungua simu kuomba mkopo, subirini kwanza. Kipimo hiki hakina gharama.

Chukua ile 18-55 uliyopewa na kamera. Iweke kwenye 35, ifunge kwa selotepu isizunguke, upige kutwa nzima. Siku ya pili iweke kwenye 50, ufunge, upige kutwa nzima. Jioni utajua mwenyewe ni wapi ulibanwa na wapi ulipumua. Au fungua picha zako za miezi sita iliyopita kwenye kompyuta, kila moja imeandika ilipigwa milimita ngapi. Namba inayojirudia ndiyo lenzi yako. Usinunue namba ya mtu mwingine.

Kwa Canon ya kropu, 50 f/1.8 ndiyo ya kuanzia. Ilipotoka upya mwaka 2015 iliuzwa Marekani kama dola 125, na mpaka leo iko miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za kampuni hiyo. Ina uzito wa kama gramu 160, nyepesi kuliko simu nyingi. Chumba kikibana, 24 f/2.8 ile nyembamba kama kifuniko itakuokoa.

Kwa Nikon kuna mtego, na mmoja wa Malindi umemnasa. Kanunua 50 f/1.8 ya mtumba yenye herufi D, kaifunga kwenye D3400 yake, lenzi haitafuti fokasi. Karudi dukani kugombana, kumbe lenzi haina kosa. Kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya kuizungusha lenzi, kwa hiyo zinataka lenzi yenye mota yake, iliyoandikwa AF-S. 35 f/1.8G ya DX ya mwaka 2009 na 50 f/1.8G ya mwaka 2011 zote zina mota. Ile D inafanya kazi vizuri kwenye D7000 na ndugu zake. Soma herufi kabla ya kutoa hela.

Na mtumba wa pwani ukaguliwe kwa tochi. Washa taa ya simu upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu ya unyevu wetu wa bahari. Mrudishie mwenyewe, hata kama ni lenzi ya mfalme.

NENO LA MWISHO

Mastaa, mkija Unguja njooni na heshima. Kijana mnayemcheka ndiye anayejua ni saa ngapi mwanga unaingia kwenye kichochoro cha Shangani, na ni mzee gani wa kuombwa ruhusa ya mlango. Tazameni picha zake kumi kabla ya kutazama lenzi yake moja.

Familia za maharusi, swali la kumuuliza mpiga picha siyo "una lenzi gani?" Muulizeni: "Tuonyeshe picha za ndani, usiku, taa moja." Hapo mbivu na mbichi zitajitenga.

Na wewe bosi wa boti, jina lako litabaki kapuni, ila hesabu haiwezi kubaki kapuni: 50 mara 1.6 ni 80. Futa ile posti, au uje uieleze mbele ya wale dada waliokosa kazi kwa ajili yake.

Wadau wa Unguja na Pemba mnasemaje? Nani kati yenu amewahi kunyimwa kazi kwa sababu ya lenzi fupi? Tiririka hapo chini, matusi hapana.